Mfupa umeunga, mbona mtu hajapona?

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mtambwe, Pemba. Mume wangu ana miaka 38. Msimu uliopita alianguka mkarafuu akavunjika paja la kulia. Alipelekwa Mkoani, spitali ya Abdalla Mzee, akapasuliwa na kutiwa chuma. Huu ni mwezi wa tisa. Daktari amempiga picha mara mbili na anasema mfupa umeunga vizuri. Lakini yeye analalamika mguu unamuuma kama juzi. Usiku anashtuka na kupiga ukelele, mchana hatoki nje, msikitini haendi hata Ijumaa, na watoto wanamkimbia kwa ukali aliokuwa nao. Juzi amepimwa akakutwa na presha, maradhi ambayo hakuwa nayo. Mama mkwe anasema pana mkono wa mtu. Mimi nimechoka. Je, nimwache apumzike au nimsukume? Msimu unakaribia, na yeye hata jina la shamba hataki kulisikia.

JIBU: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Daktari aliyekwambia mfupa umeunga amesema kweli. Na shemeji yangu anayesema mguu unamuuma, naye anasema kweli. Nyumba nyingi hukwama hapa kwa kudhani kwamba lazima mmoja wao awe mwongo, na kwa kuwa daktari ana picha mkononi, anayebaki kuonekana mvivu au mwenye kudeka ni mgonjwa. Nimefanya kazi ya afya ya akili Unguja na Pemba kwa miaka 23, na kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa. Mtu wa kudeka miezi tisa simjui. Waliotibiwa nusu nawajua wengi, tena baadhi yao niliwaruhusu mimi mwenyewe kwenda nyumbani, nikiwakagua mshono na kuwapa tarehe ya kurudi bila ya kuwauliza hata siku moja wanalala vipi.

Ila kabla ya kufika huko, tuumalize mwili kwanza. Si haki kumwambia mtu kuwa ana mawazo tu wakati kuna kitu hakijatazamwa. Hebu mwulize: siku ile alipigwa kichwa? Alizimia, hata kwa dakika moja? Anakumbuka alivyofika chini, au kumbukumbu inakatika akiwa juu na inaanza tena akiwa amebebwa? Mkarafuu uliokomaa unafika mita 10 na kuzidi. Mtu akianguka kutoka huko, macho ya wote huenda kwenye mguu uliopinda, na kichwa ambacho hakikutoka damu hakuna anayekikumbuka. Mtikisiko wa ubongo unaweza kumwachia mtu ukali, usahaulifu, kuumwa na kichwa, kuchukia kelele za watoto na usingizi wa mang'amung'amu kwa miezi kadhaa. Kama kichwa kiliguswa, hilo lazima daktari alijue, kwa sababu sehemu ya unayoyaona huenda ndiyo hiyo. Na kama kovu limevimba, lina joto au linatoa maji, kama anapata homa, kama mguu una ganzi au mkojo umebadilika, arudi kwa daktari wa mifupa wiki hii. Picha ya mfupa haioneshi kila kitu.

Tuseme hayo yote yametazamwa na hayapo. Mguu bado unauma. Kwa nini?

Maumivu hayapimi ukubwa wa kidonda. Ni ukelele wa ilani unaopigwa na ubongo kukulinda, na ubongo huupiga kwa kadiri unavyodhani hatari ilivyo. Ni kama mtu aliyeibiwa karafuu uwanjani usiku mmoja. Msimu mzima uliobaki analala na tochi mkononi, na paka akipita juu ya jamvi anaamsha mtaa. Mwizi hayupo, lakini yowe ni la kweli na aliyelipiga hakudanganya. Maumivu yakizidi miezi mitatu madaktari huyaita sugu, na mara nyingi wakati huo kilichobaki ni mishipa ya fahamu iliyozoea kupiga yowe kwa jambo dogo. Hofu, kukosa usingizi na huzuni huizidishia mishipa hiyo ukali. Kwa hiyo ukimwuliza shemeji usiku wa manane, baada ya ndoto mbaya, mguu utamuuma zaidi kuliko saa nne asubuhi akiwa na mtu anayempenda. Usimshike uongo kwa hilo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja wa dawa za usingizi wa Marekani, Henry Beecher, alikuwa akiwahudumia askari waliojeruhiwa vibaya nchini Italia. Aliwauliza kama wanataka dawa ya maumivu. Mwaka 1946 alichapisha alichokiona: karibu robo tatu ya wale askari, wenye mifupa iliyovunjika na matumbo yaliyotobolewa, walisema hawaihitaji. Baadaye aliwatazama raia waliopasuliwa spitalini katika hali ya amani, na wengi wao mno waliitaka dawa ijapokuwa vidonda vyao vilikuwa vidogo. Beecher alieleza kwamba jeraha lilikuwa na maana mbili tofauti. Kwa askari lilimaanisha vita vimekwisha, nipo hai, narudi kwetu. Kwa raia lilimaanisha mwanzo wa msiba.

Sasa mtazame mumeo kwa jicho hilo. Mguu wake una maana gani kwake? Mtambwe mchumaji hulipwa kwa pishi, na mkono usiochuma hauna pishi. Fedha za karafuu ndizo zinazolipa madeni ya dukani, sare za skuli, nguo za sikukuu na bati la chumba cha pili. Zaidi ya fedha, yeye alikuwa mpandaji. Wewe unajua kuliko mimi kwamba si kila mwanamme huaminiwa tawi la juu, na anayeaminiwa jina lake linajulikana shehia nzima. Kila mguu unapomchoma unamkumbusha kwamba msimu umempita, mwingine unakuja, na yeye si yule tena. Hayo hayaoneshwi na picha, wala dawa ya maumivu haiyafikii.

Umesema juu ya presha. Nimefurahi kwamba wamempima, maana watu huichukulia presha kuwa jambo jingine kabisa lisilohusiana na kuanguka. Mwili unaoishi na hofu hutoa adrenalini na kotisoli mchana na usiku. Kwa dakika chache homoni hizo humwokoa mtu. Kwa miezi tisa zinapandisha mapigo ya moyo, presha na sukari, zinavunja usingizi na kuipunguzia damu nguvu ya kupambana na maradhi. Ongeza na kulala kutwa, misuli ya paja inayopungua kila wiki isipofanya kazi, pengine na sigara zilizozidi. Miaka inayokuja unaweza kuwa na mgonjwa wa moyo ambaye hakuna atakayesema kuwa maradhi yake yalianzia mkarafuuni. Presha hiyo ipimwe tena siku tofauti akiwa ametulia, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi, na ikithibitika itibiwe kama presha, isingojee moyo utulie.

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, tabibu na mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba mwili na nafsi vimefungamana: mwili ukiugua nafsi hupungukiwa na fahamu na raha, na nafsi ikiugua mwili nao huingia maradhini. Hilo namtajia kila anayeniambia kuwa maneno haya ni ya Wazungu.

Anayoyaonesha mumeo yana majina. Kushtuka usiku na kupiga ukelele, kuanguka upya ndotoni, kulikimbia jina la shamba na ukali wa ghafla, hicho ni kiwewe. Karibu kila mtu huwa hivyo wiki za mwanzo baada ya ajali, na kwa wengi hupungua wenyewe. Kikipita mwezi mmoja na kinamzuia kuishi, kinahitaji matibabu. Yeye amepita miezi tisa. Kutotoka na kutoona raha ya kitu kunafanana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Mwulize mambo mawili tu, kwa upole, wakati hamna mtu: katika wiki mbili hizi, ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Ni mara ngapi umejiona mnyonge, mzito wa moyo, huna tumaini? Akijibu kuwa siku nyingi, hiyo si tabia mpya. Ni ugonjwa, na dawa yake ipo. Wala hayuko peke yake. Tafiti za nchi mbalimbali kuhusu watu waliolazwa kwa majeraha makubwa zinaonesha kwamba, kwa makadirio ya kawaida, katika kila kumi mmoja au wawili hubaki na kiwewe, na sonona nayo haiko mbali na hapo.

Tena ukubwa wa jeraha hautabiri nani ataugua. Baada ya meli ya Spice Islander kuzama usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, nilikaa na watu waliotoka majini bila hata mchubuko, na mwaka mzima baadaye walikuwa hawawezi kupita bandarini Mkoani bila miguu kuwaishia nguvu. Hakuna aliyewaambia kuwa wanadeka, kwa sababu Pemba nzima ilijua walichokiona. Aliyeanguka mkarafuu ameanguka peke yake, na watu wanasema, "Mbona fulani alianguka akapanda tena?"

Sasa niseme jambo ambalo huenda likakuuma, na naliandika kwa mapenzi. Nyumba yako imemtunza mno. Sijaingia kwako, lakini nimeingia nyumba nyingi za namna hii, na nakisia kwamba chai huletewa kitandani, maji ya kuoga hubebewa, watoto huambiwa wanyamaze baba amelala, fedha zinapita kwa kaka yake, na neno la shamba likitajwa mtu anakonyeza ili linyamazwe. Kila moja ya hayo ni wema, na wiki sita za mwanzo yote yalikuwa sawa. Baada ya hapo kila siku yanamwambia jambo moja: wewe huwezi. Mguu usiotumika unadhoofu, ukidhoofu unauma ukitumiwa, ukiuma anaogopa, akiogopa hautumii. Na heshima yake ndani ya nyumba inafuata njia hiyo hiyo. Mtu aliyekuwa na kazi ishirini kwa siku sasa hana hata moja, isipokuwa kuumwa.

Kwa hiyo rudisha kazi, kidogo kidogo, na iwe kazi ya kweli. Usimpe jambo la kumpumbaza kama mtoto, atalijua. Mwachie daftari la matumizi. Mwachie kusikiliza watoto wanaporudi chuoni na juzuu zao. Msimu ukianza, kuchambua kunafanyika kwa kukaa, na kujua karafuu iliyokauka sawasawa kwa kuivunja mkononi hakuhitaji paja. Kupima pishi na kuandika nani kachuma ngapi ni kazi ambayo mtu mwaminifu hutafutwa. Hii ndiyo dawa kubwa kuliko zote nitakazokutajia, na ni wewe uliye nayo, si mimi.

Kutembea nako kuna utaratibu wake. Wagonjwa wengi hukosea kwa kutembea sana siku waliyoamka vizuri, kisha wakalala siku tatu wakiugulia. Chagueni umbali ambao anaumudu hata siku mbaya, tuseme mpaka kwenye mwembe na kurudi, na aufanye kila siku, maumivu yakiwa mengi au machache. Wiki inayofuata aongeze nyumba moja. Mguu utauma kidogo, na hilo mweleweshe mapema: mfupa ulioungwa hauvunjiki kwa kutembea, na maumivu ya msuli unaoamka si ya kitu kinachoharibika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akipatikana, aandamane naye, maana paja lililolala miezi tisa linahitaji mazoezi ya nguvu na si matembezi tu.

Msikitini, nadhani najua kinachomzuia. Hawezi kukunja goti vizuri, na anaona haya kuonekana amesali kwenye kiti mbele ya watu waliokuwa wakimjua. Mkumbushe kwamba Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa, Mtume (S.A.W.) alimwambia asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Mwombe mtu mmoja anayempenda, rafiki na si ndugu, ampitie Ijumaa moja wafike mapema, wakae pembeni karibu na mlango, watoke kabla watu hawajaanza kuuliza.

Hayo maswali ya watu nayo yatazame. Wiki mbili za mwanzo bila shaka barza lilijaa, na kila aliyeingia alitaka kusikia alivyoanguka. Mgonjwa husimulia ajali mara arubaini kwa watu arubaini, na kila mara mwili unaanguka upya, kisha mgeni anatia nyongeza yake: "Una bahati, fulani alikufa pale pale." Zamani hata sisi wa kazi hii tulidhani ni vizuri kumkalisha mtu mara tu baada ya ajali na kumtaka ayatoe yote. Utafiti ukaja kuonesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakimkingi mtu na kiwewe, na wengine huwazidishia. Kusimulia kunaponya pale mwenyewe anapotaka, kwa mtu aliyemchagua, pole pole. Kisha baada ya miezi mitatu barza hubaki tupu. Hapo ndipo wageni wanapohitajika, na hawaji, kwa sababu wameambiwa mfupa umeunga.

Hofu ya shamba ina tiba yake maalumu, na ingawa ni bora iongozwe na mtaalamu, nataka uielewe ili usiiharibu kwa haraka. Kila anapolikwepa shamba anapata nafuu ya saa ile, na nafuu hiyo ndiyo inayoikuza hofu, kwa sababu ubongo unajifunza kwamba ameokoka kwa kukimbia. Dawa ni kuikaribia kwa vidaraja. Akae na anayemwamini, ataje mambo yanayomtisha na ayape namba kutoka sifuri hadi kumi. Kunusa karafuu mbichi pengine ni tatu. Kupita njia inayoonesha shamba kwa mbali ni nne. Kuingia shamba asubuhi, hakuna wachumaji, ni sita. Kukaa chini ya mti mwingine ni saba. Kuugusa ule mti wenyewe ni tisa. Anaanzia chini. Kila daraja anakaa nalo mpaka moyo ushuke wenyewe, hata ikichukua nusu saa, asiondoke hofu ikiwa juu. Analirudia siku nyingi mpaka limchoshe, ndipo anapanda jingine. Akitetemeka na kutoka jasho si dalili ya kushindwa. Apumue taratibu, pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuingiza, na abaki pale pale.

Sisemi apande tena. Hilo ni jambo la paja lake, la daktari wake na la rai yake mwenyewe, na mwanamme anaweza kuamua kwa akili timamu kwamba kupanda kwake kumekwisha. Ninachotaka ni kwamba siku atakayoamua hivyo awe amesimama shambani mwake, hajajificha chumbani.

Usiku. Aamke kila siku wakati mmoja, na Alfajiri inatusaidia watu wa kwetu kwa hilo. Asilale tena baada ya hapo, na usingizi wa mchana usipite nusu saa. Kahawa isiwe ya baada ya Alasiri. Akishtuka, usimtikise wala kumshika kwa nguvu. Mwite jina lake, washa taa, mwambie yupo wapi na ni siku gani. Mchana, akiweza, aielezee ndoto ile lakini aibadilishe mwisho kama anavyotaka mwenyewe, kisha aipitie hivyo moyoni dakika chache kila siku. Wapo wanaopungukiwa na ndoto mbaya kwa njia hiyo tu.

Hukuuliza juu ya mambo ya unyumba, nami nitasema machache kwa sababu wengi hawaulizi. Sonona, maumivu na baadhi ya dawa huondoa hamu, na mwanamme aliyekwisha kujiona si kitu hujitenga kabla hajajaribu. Usilichukue kuwa ni kukuchoka. Linatibika, na anaweza kumwambia mhudumu wa kiume kama anaona haya.

Kuhusu dawa, jihadharini na mbili. Valiamu humlaza mtu, lakini haitibu kiwewe, na baada ya wiki kadhaa mwili unaidai. Tramado, dawa kali ya maumivu ambayo najua watu huinunua bila karatasi ya daktari, nayo hufunga mtu. Kama anatumia moja kati ya hizo kwa muda mrefu, asiikate ghafla. Amweleze daktari bila kuficha. Dawa za sonona ni nyingine. Hazilevi, na huchukua wiki mbili mpaka sita kabla hazijaonesha kazi, ndiyo maana wengi huziacha siku ya kumi wakisema hazifai. Kwa mumeo naona mazungumzo ya matibabu na dawa vinaweza kwenda pamoja, lakini uamuzi ni wa atakayemwona.

Mama mkwe wako usibishane naye. Anampenda mwanawe na anatafuta sababu, kama mimi na wewe. Kisomo kifanywe, dua isomwe, na kama moyo wa mgonjwa unatulia kwa Qur'ani hiyo ni sehemu ya kupona kwake. Ninachokikataa ni vitu vitatu: dawa za spitali kusimamishwa, mgonjwa kupigwa au kufukizwa moshi mpaka akakosa pumzi, na jirani kutajwa jina. Hili la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi. Mtu aliyevunjika anahitaji majirani, na nimeona nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi hazisalimiani mpaka leo kwa sababu ya paja moja.

Lipo swali jingine unalopaswa kumwuliza, na usiogope kwamba utamtia wazo ambalo hakuwa nalo, kwa kuwa haiwi hivyo. Mwulize kama amewahi kufikiri kwamba bora angalikufa siku ile, au kama anafikiri kujiondoa. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, kamba na dawa za wadudu ziondoke nyumbani, na mpelekeni spitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Akisema hapana, umemfungulia mlango wa kukwambia siku nyingine. Kwa matibabu ya kawaida waulizeni spitali ya wilaya yenu kitengo cha afya ya akili, na muende wawili. Najua jina la Kidongo Chekundu, ilipo spitali ya maradhi ya akili Unguja, limegeuzwa tusi mitaani, na huenda akasema hataki kuitwa mwendawazimu. Mwambie unampeleka kwa sababu ya usingizi, presha na maumivu. Hutakuwa umemdanganya.

Na wewe? Umeandika maneno mawili tu juu yako: "Mimi nimechoka." Mwaka 1995 mtafiti Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa chuo kikuu cha Ohio State, Marekani, waliwachukua wanawake waliokuwa wakiuguza jamaa zao wenye maradhi ya kusahau, na wengine wa umri wao wasiouguza mtu, wakawatoboa wote kidonda kidogo mkononi cha ukubwa mmoja. Kidonda cha wale wauguzaji kilichelewa kupona kwa siku 9 kwa wastani. Nakutajia utafiti huo kwa sababu waliopimwa walikuwa watu kama wewe, wenye afya zao. Siku mkienda spitali nawe pimwa presha. Mwombe wifi yako akukamatie nyumba nusu siku kila wiki, na siku hiyo usiitumie kufulia.

Umeuliza umwache au umsukume. Kumwacha ndiko kulikowafikisha mwezi wa tisa. Kumsukuma atakasirika, na ana haki. Tembea mbele yake hatua moja kisha mngojee: wewe uende kwenye mwembe, naye atakufuata kwa fimbo yake. Na msimu ukifika, pale mnapokaa kuchambua, weka kiti cha kawaida kando ya jamvi, maana chini bado hawezi. Usimwite. Asipokuja siku ya kwanza, wala ya tano, kiti kisiondolewe.